Namna ya Kuitambua Stoli na Kuiondoa Ndege Humo

Rubani mwanafunzi hana budi kukaza akilini tangu siku ya kwanza kwamba bawa huingia katika stoli, yaani hupoteza sehemu kubwa ya nguvu yake ya kuinua ndege, kwa sababu ya pembe. Kadiri pua inavyopandishwa, pembe kati ya bawa na hewa inayolijia huongezeka, na nguvu ya kuinua huongezeka nayo, hadi zifikiwe nyuzi 15 au zaidi kidogo kwa ndege nyingi ndogo. Pembe ikivuka hapo, hewa hushindwa kuufuata mgongo wa bawa, hubanduka na kuvurugika, na ndege huanza kuzama hata kama injini inanguruma kwa nguvu zake zote.

Nambari ya mwendo wa stoli iliyoandikwa katika kitabu cha ndege ni ya hali moja tu. Ndege ndogo ya Cessna 172S yenye uzito wake wa juu kabisa, ikiwa imenyooka na flapu (vibao vya ukingo wa nyuma wa mabawa) zimefungwa, huingia stoli kipima mwendo kikionyesha noti 48 (maili za baharini kwa saa), yaani takriban kilomita 89 kwa saa. Ndege hiyohiyo ikilazwa nyuzi 60 katika kona bila kupoteza kimo, mabawa hubeba uzito mara mbili na stoli huja karibu na noti 68. Anayejifunza katika Uwanja wa Wilson jijini Nairobi, ulio zaidi ya futi 5,500 juu ya usawa wa bahari, aongeze tahadhari nyingine: kipima mwendo humwonyesha nambari ileile ya stoli ambayo angeiona Mombasa, lakini kwa kuwa hewa ni nyepesi, ndege huwa inakwenda kasi zaidi kwa asilimia 10 au zaidi. Ardhi itaonekana kukimbia mno anapokaribia kutua, naye asipunguze mwendo kwa kuyaamini macho yake.

Dalili huanza mapema kwa anayesikiliza. Sauti ya upepo hupungua, usukani hulegea mkononi na kuchelewa kuitikiwa, kisha mtikisiko wa hewa iliyovurugika huanza kusikika mwilini. Katika Cessna 172 kuna pia tundu dogo kwenye ukingo wa mbele wa bawa la kushoto. Stoli inapokaribia, hewa hufyonzwa kupitia tundu hilo na kukipuliza king'ora, noti 5 hadi 10 kabla ya stoli yenyewe, bila kuhitaji umeme wowote. Kabla ya safari, weka leso safi juu ya tundu na ufyonze kwa mdomo hadi usikie mlio. Ukaguzi huu huchukua nusu dakika, na haufai kurukwa hata siku moja. Kwenye ndege za Piper kuna kibao kidogo badala ya tundu: washa umeme, ukiinue kwa kidole, usikilize.

Ndege kubwa nyingi zina kifaa cha kuutikisa usukani, na baadhi zina kingine cha kuusukuma mbele rubani asipochukua hatua. Lakini vifaa hivi humfaa anayevitii. Tarehe 12 Februari 2009, karibu na Buffalo, Marekani, usukani wa ndege aina ya Dash 8 Q400 ulitikisika, nahodha akauvuta nyuma. Kifaa kikausukuma mbele, akakipinga. Watu 50 walikufa. Miezi michache baadaye, tarehe 1 Juni, ndege ya Air France namba 447 ilizama hadi baharini Atlantiki ikiwa katika stoli, ikiwa na watu 228. Humo kengele ya stoli ilikuwa ikinyamaza mwendo uliopimwa ulipoanguka chini ya noti 60, kwa sababu kompyuta ilivihesabu vipimo vya pembe kuwa si vya kutegemewa, na pua iliposhushwa kidogo kengele ikalia tena. Kwa hiyo ukimya wa kengele usiupokee kama uthibitisho wa usalama mpaka uhakikishe mwendo unapanda.

Dalili yoyote ikijitokeza, sukuma usukani mbele mara moja mpaka mtikisiko na mlio viishe, hata kama ardhi i karibu na mkono unatamani kuvuta. Ndipo unyooshe mabawa, uongeze nguvu ya injini, na uinue pua taratibu. Bawa moja likianguka, zuia pua isigeuke kwa kanyagio la miguu. Kulinyanyua kwa usukani wa mkono pekee huongeza pembe ya bawa lililoanguka na kunaweza kuanzisha mzunguko, yaani ndege kuanguka huku ikizunguka kama pia. Mzunguko ukiisha kuanza, punguza injini hadi mwisho, rudisha usukani katikati, kanyaga kikamilifu upande ulio kinyume na mzunguko, kisha sukuma mbele.

Mazoezi yafanywe pamoja na mwalimu, baada ya kukata kona za kuangalia kama anga ni tupu, na kwa kimo kitakachowezesha kila zoezi kumalizika ndege ikiwa bado futi 1,500 au zaidi juu ya ardhi. Msiishie kwenye stoli ya kunyooka. Ombeni pia ile ya kwenye kona flapu zikiwa wazi, kwa kuwa ndiyo inayomvizia rubani anapogeuka kuulenga uwanja, mahali ambapo kimo cha kujiokoa huwa hakipo.