Usanifu wa taasisi: namna ya kuendesha kazi ya ushauri, hatua kwa hatua

Mashirika mengi humtafuta mshauri wa usanifu wa taasisi, yaani kazi ya kupanga jinsi shughuli, data na mifumo ya shirika zinavyoshikamana, maji yakishafika shingoni: mifumo imerundikana, idara mbili zinatoa takwimu mbili za jambo lilelile, na leseni zinalipiwa za programu ambazo hakuna anayezifungua. Mwongozo huu namwandikia mshauri anayeanza, na pia mkuu wa TEHAMA anayetaka kujua aliyemwajiri anatakiwa kufanya nini.

Hatua ya 1: Tafuta uamuzi unaosubiri

Kabla ya kuchora chochote, muulize mkuu wa shirika ni uamuzi gani mkubwa umemkalia mwaka huu. Je, ni kununua mfumo mpya wa fedha, kuunganisha idara, au kuhamishia seva kwenye huduma za wingu (kompyuta za kukodi kupitia mtandao)? Andika jibu kwa sentensi moja na uliweke mwanzoni mwa mkataba. Akikujibu kwamba anataka tu "kuwa na usanifu", usitie saini bado. Kazi isiyo na uamuzi nyuma yake huzaa michoro mizuri ya kufungiwa kabatini.

Hakikisha pia mdhamini wa kazi ni mtu mwenye kauli juu ya bajeti. Mkuu wa TEHAMA peke yake hatoshi, kwa sababu nusu ya utakayoyagundua yatahusu utendaji wa idara nyingine.

Hatua ya 2: Chagua mbinu, kisha uipunguze

TOGAF, mbinu ya usanifu wa taasisi ya muungano uitwao The Open Group, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1995 ikiwa imejengwa juu ya kazi ya Wizara ya Ulinzi ya Marekani, ndiyo inayotumika sana. Inakupa mpangilio: biashara, data, programu, teknolojia, kisha mpango wa kuhama. John Zachman, mmoja wa waasisi wa fani hii, katika makala yake ya mwaka 1987, aliweka msingi wa jedwali ambalo leo linajulikana kwa maswali sita: nini, vipi, wapi, nani, lini, kwa nini. Mimi huchukua mpangilio kutoka TOGAF na maswali ya mahojiano kutoka kwa Zachman. Majina ya awamu za TOGAF mteja hana haja nayo.

Hatua ya 3: Tengeneza orodha ya mifumo

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, na hapa ndipo washauri wengi hupita mbio. Fungua jedwali la kawaida. Kila mfumo upate safu yake: unafanya kazi gani, nani anauhitaji upande wa biashara, nani anautunza, unahifadhi data gani, unapokea na kupeleka data wapi, unagharimu kiasi gani kwa mwaka, mkataba wake unaisha lini.

Anzia kwa mhasibu. Hati za malipo zitakuonyesha programu ambazo hata TEHAMA wamezisahau. Kisha linganisha na orodha ya TEHAMA, halafu nenda ukakae na wanaofanya kazi. Jedwali la mfanyakazi mmoja linalokokotoa posho za watumishi wote nalo ni mfumo, tena wa hatari, maana akienda likizo kila kitu kinasimama.

Fuatilia data inavyosafiri. Ukiona mtu anasoma skrini moja na kuchapa upya kwenye nyingine, andika. Kwa kila aina ya taarifa, uliza: zikigongana, nakala ipi ndiyo ya kuaminiwa? Wakishindwa kukubaliana, umeshapata tatizo la kwanza la kupeleka juu. Mtaalamu wa kompyuta Melvin Conway alishaeleza mwaka 1968 kwamba mifumo hufuata njia za mawasiliano za walioibuni, kwa hiyo usishangae idara zisizosemezana zikiwa na mifumo isiyosemezana.

Hatua ya 4: Toa hukumu

Chora ukurasa mmoja wa mambo ambayo shirika lazima liweze kuyafanya, kisha pachika kila mfumo panapostahili. Penye mifumo mitano kwa kazi moja pataonekana, na pasipo na wowote vilevile. Sasa upe kila mfumo hukumu moja: wekeza, vumilia, hamisha au ondoa. Hukumu ya "tutaangalia" haipo. Wenye mifumo watalalamika. Wasikilize, ila wakuletee sababu za kikazi.

Hatua ya 5: Panga safari

Picha ya hali lengwa, yaani shirika linakotaka kufika, iwe fupi. Nguvu iweke kwenye vituo vya katikati, na kila kituo kiliache shirika likifanya kazi hata kama fedha zitaishia hapo. Panga kwa utegemezi: kama mifumo mitatu inategemea namba moja ya utambulisho wa mteja, isafishe hiyo kwanza. Mfumo wa zamani usizimwe mpaka takwimu zake zilingane na za mpya.

Hatua ya 6: Bodi na makabidhiano

Unda bodi ndogo ya usanifu yenye uwezo wa kuzuia ununuzi. Ikiruhusu mradi ukiuke kanuni za usanifu, ruhusa hiyo iwe na tarehe ya kuisha.

Jedwali lako la mifumo likabidhi kwa mfanyakazi aliyeteuliwa kwa jina. Siku ya makabidhiano, yeye ndiye alifungue na kusasisha safu moja mbele ya wakuu, wewe ukiwa umekaa. Akikwama, ongeza mafunzo kabla ya kutuma ankara ya mwisho.