Somo: Kukagua bastola ya afisa wa Kijapani kabla hujatoa pesa

Wakuu, salaam. Niko Marekani, ambako bastola hizi zilifika kwenye mabegi ya askari waliorudi kutoka vita vya Pasifiki. Maafisa wa Japani walijinunulia bastola wenyewe, kwa hiyo aina ni nyingi. Nambu ndogo ya milimita 7 (bastola ya Kijapani iliyopewa jina la mbunifu wake) ilitengenezwa kama 6,500 tu, na bei yake haishikiki. Leo nashughulika na Aina ya 14, bastola ya kawaida ya jeshi la Japani, ndiyo utakayokutana nayo sana.

Hatua ya 1: Chomoa magazini (kasha la risasi), vuta boliti nyuma, chungulia chemba kama kuna risasi. Muuzaji aape kwa mama yake, wewe chungulia tu.

Hatua ya 2: Soma tarehe upande wa kulia: herufi moja, kisha namba kama 18.6. Herufi 昭 ni enzi ya Showa, na miaka huhesabiwa tangu mfalme wa enzi hiyo aanze kutawala: 18 jumlisha 1925 unapata 1943, mwezi wa sita. Hapa ndipo nilipopigwa. Niliuziwa ya 15.11 kwa maneno kwamba ni ya 1926, miongoni mwa za mwanzo kabisa. Nyumbani nikaweka lenzi: 昭! Ya 1926 ingekuwa na 大, yaani Taisho, ambayo unajumlisha 1911. Yangu ni ya 1940. Nilikuwa nimelipia miaka 14 ambayo haikuwepo.

Hatua ya 3: Linganisha namba. Tarakimu za mwisho za bastola hugongwa pia kwenye vipande vya ndani na chini ya magazini. Magazini ya kuazima hushusha bei sana.

Hatua ya 4: Tazama kingo za maandishi. Zikiwa zimelainika kama sabuni iliyotumika, chuma kimepigwa msasa na kupakwa rangi upya. Kutu kidogo ya asili ni afadhali mara kumi.

MASWALI

Mkuu, 火 na 安 karibu na kufuli la usalama ni nini?
La kwanza ni moto, la pili ni salama. Ukijua hizo mbili hupotei.

Aina ya 94, ile bastola nyingine ya Kijapani, ni hatari kweli?
Ndiyo. Upande wa kushoto kuna chuma kirefu kilicho wazi. Ikiwa imejazwa na iko tayari, ukikibonyeza inaweza kufyatua risasi bila kugusa kifyatulio. Hilo 94, kwa taarifa, linatokana na mwaka 2594 wa kalenda yao ya kifalme, yaani 1934.

Marehemu babu alikuwa KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki), alipigana na Wajapani Burma 1944. Tumekuta sandukuni mkoba wa ngozi, kifuniko kigumu kilichopinda, bastola hamna. Niko Nakuru.
Pole na hongera. Inaelekea ni wa Aina ya 14. Chungulia ndani, huwa na nafasi ya pini ya akiba ya kufyatulia. Usiuoshe kwa maji, wala usiupake mafuta ya kupikia. Bastola ikijitokeza siku moja, usiishike kienyeji: Kenya haikai nyumbani bila leseni, hata ikiwa urithi.