Namna ya Kukusanya Maneno Marefu ya Kiingereza Yenye Herufi S-P-E-C na Kuyaelewa

Mwanafunzi wa Tanzania anayetoka shule ya msingi, alikosomeshwa kwa Kiswahili, na kuingia kidato cha kwanza, ambako masomo karibu yote hufundishwa kwa Kiingereza, hukutana na maneno ya herufi 13 au 15 kabla hajayazoea hata yale ya herufi tano. Katika miaka yangu ya kufundisha Kiingereza nimewaona wengi wakiyakariri maneno hayo herufi kwa herufi, nao husahau baada ya mtihani. Njia ninayoitumia darasani ni kuchagua herufi chache zinazojirudia, kutafuta maneno marefu yanayozibeba, kisha kuyakata kwenye viungo vyake. Mzungumzaji wa Kiswahili ana mwanzo mzuri hapa, kwa sababu hakuna anayelikariri neno "hawakutufundisha" kama pande moja. Tunalijua kuwa ni ha-wa-ku-tu-fund-ish-a, na kila kipande kina kazi yake.

Hatua ya kwanza: chagua herufi

Chagua herufi nne au tano zinazofuatana, zikiwa mzizi wenye maana. Herufi mbili zitakuletea maelfu ya maneno yasiyohusiana. Katika mwongozo huu tutatumia "spec" na ndugu yake "spect", kutoka vitenzi vya Kilatini specere na spectare, ambavyo vyote vinahusu kutazama. Mzizi huu ndio ninaouanza na kila darasa jipya, kwa kuwa mwanafunzi tayari anazo mbegu zake mkononi: anamjua "inspector", mkaguzi anayekuja shuleni, na anayajua "spectacles", yaani miwani.

Hatua ya pili: kusanya maneno

Kwenye intaneti, fungua kamusi inayokubali utafutaji kwa kinyota, kama OneLook, uandike *spect*. Kila kinyota husimama badala ya herufi zozote, kwa hiyo utapata maneno yenye herufi hizo mwanzoni, katikati na mwishoni. Asiye na intaneti atumie kamusi ya karatasi kwa maneno yanayoanza na herufi hizo, na hayo mengine ayanase anaposoma vitabu vyake. Nakili daftarini maneno yenye herufi 10 au zaidi, na usijaze ukurasa kwa maneno yanayotofautiana kwa "s" au "ed" ya mwisho tu.

Hatua ya tatu: kata neno kwenye viungo

Chora safu nne: kiambishi awali, mzizi, viambishi tamati, na maana. Anza daima na mzizi, si mwanzo wa neno. Jambo hili nalisisitiza kuliko yote, kwa kuwa jicho likianzia kushoto huchoka kabla ya kuufikia moyo wa neno.

Kijana mmoja wa kidato cha pili alikuwa akisoma kwa sauti, akafika kwenye "circumspection", akanyamaza. Nililiandika neno ubaoni kwa herufi kubwa, nikalifunika kwa vipande viwili vya karatasi ngumu hadi zikabaki herufi tano za katikati. Akasema, "Kutazama, mwalimu." Nikaondoa karatasi ya kushoto, "circum" ikatokea, nikamuuliza ni wapi aliwahi kuiona. Alifikiri kidogo, akataja "circumference", neno alilolisoma katika hisabati kwa maana ya mzingo wa duara. Akaunganisha mwenyewe, polepole: "Kutazama kwa kuzunguka." Ilibaki kumweleza kwamba "ion" hulifanya neno kuwa nomino, na kwamba maana ya leo ni hadhari, yaani uangalifu wa mtu anayetazama pande zote kabla ya kusema au kutenda. Neno lina herufi 14, lakini yeye alikuwa na vipande vitatu tu vya kukumbuka.

Fanya vivyo hivyo kwa mengine. "Introspection", herufi 13, lina "intro", yaani ndani, nalo ni kuichunguza nafsi yako. "Retrospectively", herufi 15, lina "retro", yaani nyuma. Utalikuta katika habari za sheria, pale sheria mpya inapotumika hata kwa mambo yaliyotendeka kabla haijatungwa. "Disrespectfully", nalo la herufi 15, lina vipande vitano: dis-re-spect-ful-ly. Hapa "re" ni kugeuka nyuma, kwa hiyo "respect" kwa asili ni kugeuka ukamtazama mtu tena, kwa kuwa anastahili kutazamwa. Kiambishi "dis" kinaikana heshima hiyo, na "ly" huonyesha namna ya kutenda, hivyo maana yake ni bila adabu.

Hatua ya nne: tafuta herufi zilizojificha

Hapa ndipo wengi huachia njiani, ilhali ndipo penye utajiri. Katika Kilatini, irabu fupi ya mzizi mara nyingi hubadilika mzizi huo ukitanguliwa na kiambishi, kwa hiyo "spec" hugeuka "spic". Rudia utafutaji kwa *spic* nawe utapata "conspicuousness", herufi 15, hali ya kitu kuonekana waziwazi, na "perspicaciousness", herufi 17, wepesi wa kuona ndani ya jambo, maana "per" ni kupenya hadi upande wa pili. Tafuta pia *xpect*: katika "unexpectedness", herufi 14, ile "s" ya mzizi imemezwa na "x" ya kiambishi "ex". Ukirudisha "s" mahali pake unapata kutazama nje, kama mtu aliyesimama mlangoni akimngojea mgeni, na neno zima ni hali ya jambo kutokea bila kutarajiwa.

Neno ninalolipenda zaidi katika orodha hii ni "inauspiciously", herufi 14, lenye maana ya kwa dalili mbaya. Ndani yake mna maneno mawili ya Kilatini, avis, yaani ndege, na specere. Waroma wa kale walikuwa na watu maalumu wa kutazama ndege na kueleza kama miungu inaridhia jambo kubwa linalokusudiwa. Mswahili halishangai neno hili, kwani kwetu pia "ndege" ni bishara, na msafiri huweza kuambiwa amekutana na ndege njema au ndege mbaya.

Hatua ya tano: ondoa yasiyohusika

Herufi kufanana si ushahidi wa undugu. "Speckled", sifa ya kuku mwenye madoadoa, lina s-p-e-c lakini linatokana na Kiingereza cha kale, si Kilatini. "Hospice" lina s-p-i-c, ila herufi hizo zimekutana kwa bahati. Mzizi wake ni hospes, lenye maana ya mgeni na pia mwenyeji. Kamusi kubwa huonyesha asili ya neno pamoja na maana, nayo isomwe kabla neno halijaingia kwenye safu.

Hatua ya sita: vuka hadi Kigiriki

Fungua ukurasa mpya, utafute *scop*. Mzizi huu wa Kigiriki, skopein, una asili moja na specere, isipokuwa sauti za "p" na "k" zimebadilishana nafasi. Utaona "microscopically", herufi 15, kwa namna ya kuonekana kwa hadubini tu, na "kaleidoscope", herufi 12, lenye kalos, zuri, na eidos, umbo. "Stethoscope" linaanza na stethos, kifua. Kifaa hicho kilibuniwa mwaka 1816 na daktari Mfaransa René Laennec, na ingawa ni cha kusikilizia, jina lake limebeba kutazama kwa maana ya kuchunguza.

Mwisho liandike "episcopalian", herufi 12. Epi ni juu, hivyo episkopos wa Kigiriki alikuwa msimamizi, anayetazama kutoka juu. Waingereza walilifupisha hadi wakapata "bishop", Waarabu wakasema usquf, na kutoka kwa Waarabu likatufikia sisi. Katika safu ya maana, andika maneno mawili: linalohusu askofu.