Kujaza Jet A-1 kutoka kwenye pipa: chupa safi isikudanganye

Wiki hii nimemwelekeza kijana anayeanza kazi kwenye uwanja wetu wa vumbi, nikaona bora niandike kabisa. Haya ni ya pipa la lita 200 la Jet A-1 (mafuta ya ndege ya jamii ya mafuta ya taa) na pampu ya mkono. Wa maboza (malori ya kujazia mafuta) wana utaratibu wao.

1. Pipa. Lilazwe ubavu, vizibo viwe usawa wa saa tatu na saa tisa (hesabu kwa Kiswahili au Kizungu, ni palepale). Likisimama wima, mvua hutuama juu yake. Usiku pipa linapopoa linavuta hayo maji ndani kupitia kizibo, hata ukikikaza vipi. Lisimamishe jioni kabla ya siku ya kujaza, funika turubai, weka kijiwe chini upande wa kizibo cha pampu ili maji yatuame upande wa pili. Jet A-1 huachana na maji polepole kuliko petroli ya ndege.

2. Waya wa athi, wa kuondoa umeme tuli. Unganisha pipa, pampu, faneli, ndege. Kabla ya kufungua chochote.

3. Sampuli. Hapa ndipo nilipoumia. Siku hizo mguu wa pampu yangu (bomba lake la kunyonyea) ulikuwa unagusa chini kabisa. Nikapampu chupa ya kioo, nikaiinua juani: nyeupe, hakuna mstari, hakuna tone linalobingirika. Nikaanza kujaza. Faneli ikagoma kupitisha. Nikailaumu faneli, nikaifuta, nikafungua pampu na kubadili sili, karibu saa tatu zimekwenda, rubani ananitazama tu. Mwishowe nikanusa ile chupa. Haikunuka chochote. Mstari haukuonekana kwa sababu chupa nzima ilikuwa maji!

Tangu siku hiyo natanguliza kwenye chupa vidole viwili vya mafuta niliyokwisha kuyahakiki, ndipo naongeza sampuli. Kama ni maji, yatazama na mstari utajichora. Kisha napima kwa kapsuli ya kugundua maji, inayochomekwa kwenye sindano: vuta mililita 5 kwa sindano, tazama rangi. Ikibaki njano, endelea. Ikigeuka kijani, simama. Kapsuli hunasa hata ukungu wa maji usioonekana kwa macho, kuanzia sehemu 30 hivi katika milioni. Lakini soma tarehe kwenye kikasha, na funga kifuniko papo hapo, maana unyevu wa hewa huziharibu. Mguu wa pampu nao niliukata, sasa unaishia kama sentimita 5 juu ya sakafu ya pipa.

4. Kuchuja. Filta kwenye pampu, halafu faneli yenye wavu wa teflon, unaopitisha mafuta na kuzuia maji. Ngozi za kuchujia za wazee mimi sizitaki, zinaacha nyuzi na kuzalisha umeme tuli. Faneli usiioshe kwa sabuni: mabaki yake huyafanya maji yapenye. Filta za chembe zinazovimba zikikutana na maji pia siziamini sana. Mwaka 2010 chembe za aina hiyo zilikwamisha vidhibiti vya mafuta vya Airbus A330 ya Cathay Pacific iliyotoka Surabaya, ikatua Hong Kong kwa kasi ya kutisha. Chanzo kilikuwa maji ya chumvi kwenye mfumo wa kujazia.

5. Acha ndege itulie, kisha chota sampuli kwenye kila tundu la chini la tangi.

Mafuta ya sampuli hayarudi kwenye ndege, hata yakiwa safi vipi. Sisi tuna pipa lake pembeni, limepigwa msalaba mwekundu.