Kuanza kufinyanga sanamu: udongo kwanza, jasi baadaye

Kazi inayonilisha ni ya dari. Nimefunga mikanda ya jipsam katika nyumba nyingi za Mbeya, kwa hiyo jasi, yaani hiyo jipsam ikiwa unga, niliizoea miaka mingi kabla sijawaza sanamu. Udongo ndio sikuujua. Nilifundishwa na shangazi yangu kule Ikombe, kando ya Ziwa Nyasa, unakovuka kwa mtumbwi kutoka Matema, ambako akina mama wa Kikisi hufinyanga vyungu vinavyouzwa soko la Jumamosi pale Lyulilo. Vitu vyote viwili vinahusu maji. Udongo unataka maji yatoke polepole. Jasi inataka maji yaingie kwa kipimo, na haraka. Kila kazi yangu iliyoharibika iliharibikia hapo.

Anza na udongo. Ni wa bure na unasamehe: ukikosea unauloweka tena.

Mimi naishi Uyole, na huku ukichimba shimo unakutana na tabaka la mawe mepesi, yale yanayoelea majini, yaliyorushwa na volkano zamani. Udongo wenye chembe hizo usihangaike nao. Teremka bondeni, ulizia wanaofyatua matofali, umwombe mwenye shamba ruhusa, kisha chimba chini ya ule weusi wa juu wenye mizizi. Pima papo hapo: lowesha kidogo, viringisha kamba nene kama penseli, izungushe kwenye kidole gumba. Ikikatika au kupasuka sana, mchanga umezidi. Ikijikunja bila kuvunjika, jaza ndoo.

Nyumbani usiuloweke ukiwa na unyevu. Wengi hukosea hapa. Udongo mkavu kabisa, ukiutia majini, humumunyuka upesi. Wenye unyevunyevu hubaki mabonge hata siku nzima. Basi uanike, uponde, uloweke siku mbili tatu, ukoroge uwe uji, uchuje kwa kipande cha chandarua kikuukuu. Uache utulie, mwaga maji ya juu, halafu uufunge kwenye kanga chakavu na kuuning'iniza mpaka usishike kiganjani. Kisha ukande kama unavyokanda unga wa chapati, ila kwa nguvu zaidi, ukiukata mara kwa mara kwa uzi wa mshipi na kutazama ndani. Ukiona vitundu vya hewa, endelea kukanda.

Vifaa usinunue. Kijiko, kisu butu, spoki ya baiskeli iliyokunjwa kitanzi na kufungwa kwenye kijiti, sifongo. Vimenitosha miaka yote.

Kazi ya kwanza isiwe uso. Najua ndicho kila mtu anachotaka, hata mimi nilitaka, lakini uso una mengi na jicho la mtu halidanganyiki kwa uso. Chukua parachichi, Rungwe imetujalia, uliweke mezani na ulifinyange kwa ukubwa wake. Lizungushe kila baada ya dakika chache. Utagundua kwamba ulikuwa unalijua upande mmoja tu. Nilifinyanga maparachichi mwezi mzima, na bado nadhani ndiyo shule bora niliyopata. Baada ya hapo mguu wa mtoto, kisha mkono, kisha kichwa.

Unapounganisha vipande, chora mikwaruzo pande zote mbili, paka uji wa udongo, kandamiza. Kuminya tu hakutoshi. Sikio litadondoka likikauka.

Kama utachoma, kichimbe kitu ndani kiwe na uwazi, unene wa ukuta wake usizidi kidole gumba, na usitie kijiti wala waya: udongo husinyaa ukikauka, kijiti hakisinyai, na lazima upasuke. Hapa kwetu mwezi wa sita na wa saba upepo ni mkavu, pua na masikio hukauka kabla ya kichwa. Vifunike kwa nailoni, acha sehemu nene wazi. Masika ni kinyume, wiki mbili zinaweza zisitoshe.

Kichwa changu cha kwanza kilipasuka motoni vipande vipande. Nilikuwa nimekigusa kwa vidole nikaona kimekauka. Shangazi akaokota kipande kimoja, akakitazama ndani, akasema, "Mwanangu, hiki kilikuwa bado kinakunywa." Maji yaliyobaki ndani yaligeuka mvuke, na mvuke ukikosa njia huvunja. Alinionyesha kuweka kitu shavuni: kikiwa cha baridi kuliko hewa, maji bado yamo. Tangu hapo sijachoma kitu bila kukiweka shavuni, na hata kikipita, nakikalisha saa kadhaa kando ya moto kabla ya kukifunika kwa nyasi na kuni.

Usipotaka kuchoma, ndipo jasi inapoingia. Unaifunika sanamu mbichi ya udongo kwa jasi, unapata kalibu, yaani ganda lenye umbo la sanamu kwa ndani, kisha unamimina jasi nyingine ndani yake. Kwa njia hii kijiti ndani ya udongo kinaruhusiwa.

Dukani omba jipsam ya unga wanayomiminia mikanda ya dari. Ile ya kuzibia viungo vya mbao za jipsam haifai. Jasi ni jiwe lililopikwa kwenye joto la nyuzi kama 150 likapoteza sehemu kubwa ya maji yake. Ukilirudishia maji linakuwa jiwe tena na kutoa joto. Kwa sababu hiyo usifunike mkono wa mtu kwa donge nene la jasi, hata akikubali. Linaunguza. Vaa barakoa unapomimina unga.

Maji yatangulie kwenye beseni. Nyunyiza unga kwa mkono mpaka visiwa vidogo vibaki juu bila kuzama, subiri dakika moja au mbili, kisha koroga taratibu ukiwa umezamisha mkono, usiingize hewa. Ikianza kuganda usiongeze maji kamwe. Itakauka dhaifu kama chaki. Tupa, changanya nyingine.

Chomeka vipande vya kopo la soda kwenye udongo, kupita utosini na nyuma ya masikio, vigawe kichwa pande mbili. Tabaka la kwanza la jasi changanya na bluu ya kufulia nguo, lirushe kwa vidole liingie kwenye kila kona. Juu yake paka jasi nyeupe nene yenye nyuzi za katani, zilezile tunazotia kwenye mikanda. Ikishapata moto na kupoa, tenganisha, toa udongo, osha. Chemsha sabuni ya mche mpaka iwe nzito, paka ndani ya kalibu mara nne au tano hadi ing'ae, futa povu, malizia na mafuta kidogo sana. Funga pande mbili kwa kamba, ziba ufa kwa udongo, mimina jasi nyeupe.

Kesho yake anza kuvunja kalibu kwa patasi butu, kutoka juu. Nyeupe gonga bila woga. Ukiona bluu, punguza mkono: sanamu iko chini yake. Nenda nusu sentimita kwa nusu sentimita, pua na midomo viwe vya mwisho.

Maji ya kuoshea vyombo yaache yatulie kwenye ndoo usiku kucha, mwaga ya juu nje, donge la chini litupe na taka. Ukiyamwaga kwenye sinki, jasi itaganda ndani ya bomba.