Usiamini jina la faili ya diski pepe

Ukiletewa diski ya mashine pepe (kompyuta inayoendeshwa ndani ya kompyuta nyingine) kwenye flashi, tuseme imesafiri na matatu kutoka Nakuru hadi Kisumu, usihukumu kwa jina. Faili inaweza kuitwa `seva.img` na ndani ni qcow2, muundo wa diski pepe wa QEMU, programu ya kuendesha mashine pepe. Kabla ya kuiwasha, andika:

`qemu-img info seva.img`

Amri hii haijali jina. Inasoma baiti za mwanzo. qcow2 huanza na `51 46 49 fb`, na unaweza kujionea kwa `xxd -l 4 seva.img`. Kwenye majibu, `virtual size` ni ukubwa ambao mashine itauona, `disk size` ni nafasi inayoliwa kweli. 40 GiB dhidi ya 3 GiB ni kawaida kabisa. Ukiona mstari wa `backing file`, simama: faili yako inategemea faili nyingine, yaani umeletewa mtoto bila mama. Omba na ile faili nyingine, la sivyo haitawaka.

Inapokosea: VHD (muundo wa diski pepe wa Microsoft) ya ukubwa usiobadilika huweka alama yake, `conectix`, kwenye baiti 512 za mwisho, kwa hivyo utaambiwa ni `raw`, yaani data ghafi. Neno hilo mara nyingi maana yake ni “sijatambua kitu” tu. Hakikisha hivi:

`tail -c 512 seva.vhd | xxd | head -n 1`

Ukiiona alama, rudia amri ya kwanza kwa `-f vpc` (`vpc` ni jina la VHD ndani ya QEMU). Na mashine ikiwa inaendelea kufanya kazi, amri itagoma kwa sababu mashine hiyo imeifunga faili kwa kufuli. Ongeza `-U`, ila takwimu zake huenda zimeshapitwa.