Jiwe kwanza lilale kwenye ndoo: kuwabaini wadandiaji wa tangi la maji chumvi

Jiwe la mwamba wa matumbawe, la kuweka kwenye tangi la samaki wa baharini, likifika Moshi kutoka pwani haliji peke yake. Kwenye vitundu vyake mna minyoo, kaa, konokono na vijianemoni (wanyama laini kama ua, wenye mikono inayochoma), wote wamedandia safari bila nauli. Wengi ni wafanyakazi wazuri, wachache ni balaa. Watenge ukiwa bado na jiwe mkononi, maana kaa akishajichimbia nyuma ya matumbawe utabomoa tangi zima kumfuata.

Kabla ya kulipa, uliza jiwe limetoka wapi. Matumbawe magumu yamo katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya viumbe walio hatarini, na kung'oa mwamba ndani ya hifadhi ya bahari ni kosa. Muuzaji akikosa karatasi, achana naye, nunua jiwe kavu. Jiwe kavu halina mdandiaji hata mmoja. Ila ukija kuongeza vipande vya matumbawe hai, unarudi pale pale.

Maji yaandaliwe jana yake: gramu 35 hivi za chumvi ya akwaria kwa lita, joto nyuzi 25, haidromita (kifaa cha kupimia chumvi ya maji) isome 1.025. Chumvi ya mezani haifai. Kwa walio Arusha, maji ya huko yanajulikana kwa floridi nyingi, kwa hiyo tumia yaliyopita kwenye mtambo wa kuchuja unaoondoa madini. Weka na pampu ya hewa ya betri karibu, umeme haupigi hodi ukikatika.

Jiwe likifika, linuse. Likinuka yai viza, kuna vilivyokufa njiani, na vikioza hutoa amonia. Liache kwenye ndoo yenye pampu, ubadilishe maji mpaka kipimo cha amonia kisome sifuri. Muda huo huo ndio wa upelelezi. Subiri usiku, funga karatasi nyekundu ya nailoni kwenye tochi, kaa kimya. Mnyoo mrefu wenye vinyweleo pembeni akijitokeza, usimguse kwa kidole. Vinyweleo hivyo hubaki kwenye ngozi na kuwasha, na huondolewa kwa utepe wa gundi (selotepu). Lakini usimuue ovyo, wengi wao hula mabaki ya chakula tu. Vidudu vinavyorukaruka kama viroboto ni chakula cha samaki, waache. Kaa mwenye manyoya na ncha nyeusi za magando mtoe, sina imani naye. Ukisikia mlio wa "ta!" gizani, anaweza kuwa kamba mwenye gando la kufyatua, ambaye hana neno, au yule mwenye mikono kama ya vunjajungu, anayepasua konokono na kaa. Maganda matupu yaliyovunjika yatakuambia ni yupi.

Sasa yule aliyenitesa mimi: kijianemoni cha kahawia kiitwacho Aiptasia, chenye mwili unaopenya mwanga, umbo la mnazi mdogo. Nilipomwona mmoja nilimkata kwa wembe, nikajiona fundi. Baada ya wiki chache nilikuwa na shamba la minazi. Kipande chochote cha mguu kinachobaki kwenye jiwe huota mwingine, na huyu huchoma matumbawe ya jirani. Dawa ni sindano: zima pampu, koroga chokaa safi (kalsiamu haidroksidi ya akwaria, siyo ile ya kupaka ukuta) iwe kama uji mzito, umpulizie mdomoni. Fanya wachache kwa siku, maana chokaa hupandisha pH, yaani kipimo cha asidi na alkali ya maji. Wengine hutumia kamba wa jamii ya Lysmata wanaomla. Wakati mwingine humla kweli, wakati mwingine husubiri chakula cha samaki kama wageni wa harusini.

Liko moja lisilo na mjadala. Usichemshe jiwe, wala usilimwagie maji ya moto. Baadhi ya vijianemoni vya makundi, vinavyofanana na vifungo vilivyobandikwa kwenye jiwe, vina sumu ya palitoksini, na watu wamelazwa hospitali kwa kuvuta mvuke wake. Vaa glavu na miwani, na usilisugue jiwe nje ya maji.

Vimelea vya samaki huvioni kwa tochi. Ugonjwa wa madoa meupe hukatwa kwa kuliacha jiwe bila samaki. Wafugaji wengi huhesabu siku 76. Dawa ya shaba isikaribie matumbawe wala kamba, itawaua.

Tayarisha pia chupa au tangi dogo lenye kifuniko kwa utakaowatoa. Kaa wangu yumo humo tangu mwaka jana, anakula dagaa na kunitolea macho. Maji ya ndoo yamwage chooni, siyo kwenye mgomba. Mama mwenye nyumba wangu ana mgomba mmoja uliokauka majani kwa ajili yangu, na kila nikipita na ndoo hunisindikiza kwa macho.